Kabla hujapanga mikoa ya nchi tajiri kwenye jedwali, angalia mpaka na kigawanyo

Alfajiri pale Maili Moja, Kibaha, watu wanapanda magari ya kwenda Mbezi, Ubungo, Kariakoo na Posta. Usiku wanarudi. Kwa sensa hao ni wakazi wa Mkoa wa Pwani: wanalala Pwani na kusomesha watoto Pwani. Lakini thamani ya kazi yao ya siku nzima inaandikwa Dar es Salaam, kwa sababu pato la mkoa huhesabiwa pale kazi inapofanyika, si pale mtu anapolala. Ukigawanya pato la Dar kwa wakazi wa Dar, jasho la mtu wa Kibaha au Mkuranga umelihesabu juu ya mstari, ila yeye mwenyewe chini ya mstari hayumo. Dar inapanda, Pwani inashuka, na hakuna aliyezalisha zaidi wala pungufu.

Kosa hilihili, kwa ukubwa wa mabilioni ya euro na dola, ndilo linaloharibu kazi nyingi za kulinganisha mikoa ya nchi zilizoendelea. Mwanafunzi wa Mlimani au ofisa mipango anachukua jedwali, anakuta Luxembourg, Hamburg na Washington ziko kileleni, kisha anaandika kurasa ishirini kutafuta siri ya mafanikio yao. Sehemu kubwa ya siri hiyo ni treni za asubuhi. Luxembourg kila siku ya kazi inaingiza zaidi ya watu 200,000 kutoka Ufaransa, Ubelgiji na Ujerumani, karibu nusu ya nguvukazi yake. Wilaya ya Columbia, yaani jiji la Washington, ina pato la zaidi ya dola 200,000 kwa kila mkazi, juu kabisa kuliko jimbo lolote la Marekani, kwa kuwa wafanyakazi wake wengi wanalala Maryland na Virginia.

Tuone kwa hesabu. Tuseme mkoa A una wakazi 1,000,000 na pato la euro bilioni 60. Mkoa B, jirani yake, una wakazi 800,000 na pato la bilioni 20. Kwa kila mkazi, A ina 60,000 na B ina 25,000. A imemzidi mwenzake mara 2.4. Sasa tuseme wanaofanya kazi ndani ya A ni 700,000, na 200,000 kati yao wanatoka B, wakati wanaofanya kazi ndani ya B ni 250,000. Gawanya tena, safari hii kwa wafanyakazi walioko kazini mahali hapo: A inapata takriban 85,700, B inapata 80,000. Tofauti iliyokuwa mara 2.4 imebaki asilimia 7. Kama unataka kujua tija, yaani mkoa gani unazalisha vizuri zaidi, gawanya kwa wafanyakazi waliopo kazini, na ukipata saa za kazi ni bora zaidi, maana Waholanzi wengi hufanya kazi siku chache kwa wiki. Kama unataka kujua hali ya maisha, achana na pato la mkoa na uchukue kipato cha kaya baada ya kodi na ruzuku, ambacho huhesabiwa pale watu wanapoishi. Ni maswali mawili, na kila moja lina kigawanyo chake.

Mpaka kwanza

Neno "mkoa" halina ukubwa mmoja duniani. Umoja wa Ulaya una mfumo wake wa ngazi, na ile inayotumika sana, ngazi ya pili, inalenga maeneo yenye watu kati ya 800,000 na milioni 3. OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi zilizoendelea, nayo ina ngazi yake ya mikoa mikubwa, ambayo kwa Marekani ni majimbo. Hapo ndipo California yenye watu kama milioni 39 inapokaa mstari mmoja na Wyoming isiyofika 600,000. Ndani ya Ujerumani peke yake, Nordrhein-Westfalen ina watu kama milioni 18 na Bremen ina kama 700,000. Eneo dogo ambalo ni mji mtupu litaonekana tajiri, na eneo kubwa lenye jiji, mashamba na milima litaonekana la wastani, hata kama jiji lililomo ndani yake ni kali kuliko lile dogo.

Dawa ninayoiamini ni kutumia eneo la kiutendaji la mji, yaani jiji pamoja na wanaolitegemea kwa kazi. OECD na Umoja wa Ulaya wana kanuni moja: unatafuta kiini chenye msongamano wa watu 1,500 na zaidi kwa kilomita ya mraba na jumla ya watu wasiopungua 50,000, kisha unaongeza kila halmashauri ya jirani ambayo angalau asilimia 15 ya wafanyakazi wake wanakwenda kazini kwenye kiini hicho. Kama data zako zinaishia kwenye mikoa ya kiutawala, angalau unganisha mji mkuu na mkanda wake: Berlin na Brandenburg, Vienna na Niederösterreich, Brussels na Brabant zote mbili za karibu yake, Vlaams-Brabant na Brabant Wallon. Fahirisi ya Ushindani wa Mikoa ya Umoja wa Ulaya hufanya muunganiko wa aina hii, na ni moja ya sababu naiheshimu kuliko majedwali mengine.

Mipaka nayo hubadilika. Mwaka 2016 Ufaransa ya bara ilipunguza mikoa kutoka 22 hadi 13. Ukipakua mfululizo wa miaka 20 bila kuangalia, utaona "ukuaji" wa ajabu mwaka ambao hakuna kilichotokea zaidi ya kuandikwa sheria. Msomaji wa hapa nyumbani hana haja ya kuelezwa sana: Geita, Katavi, Njombe na Simiyu zilizaliwa 2012, Songwe 2016, na yeyote anayelinganisha Mwanza au Mbeya ya kabla na baada bila kurekebisha anajidanganya. Kanuni ni kujumlisha maeneo ya zamani hadi yalingane na mapya. Usigawe eneo la zamani kwa makisio ili upate vipande vipya. Huko ni kutunga data.

Pato linalodanganya hata mpaka ukiwa sahihi

Kuna pato ambalo halikuzalishwa na watu wa mkoa kwa maana yoyote ya kawaida. Mfano mkubwa ni Ireland. Takwimu za 2015 zilipotolewa Julai 2016 zilionyesha uchumi umekua kwa asilimia 26.3 ndani ya mwaka mmoja. Hakuna viwanda vilivyojengwa kwa kasi hiyo. Kampuni za kimataifa zilikuwa zimehamishia huko hakimiliki na hataza (patent) zao kwa vitabu, na mapato yake yakaingia kwenye pato la Ireland. Ofisi ya takwimu ya nchi hiyo ikalazimika kuanzisha kipimo kingine, pato la taifa lililorekebishwa, linaloondoa sehemu hiyo. Kwenye majedwali ya Ulaya, mkoa wa Kusini mwa Ireland, wenye Cork na viwanda vya dawa, umekuwa ukionekana na pato la zaidi ya mara mbili na nusu ya wastani wa Umoja wa Ulaya kwa kila mkazi. Ushauri wangu ni kuitoa mikoa ya Ireland kwenye ulinganisho wa pato, au kutumia mishahara kwa kila mfanyakazi badala yake, na kuandika wazi kwamba umefanya hivyo.

Mfano wa pili ni madini na gesi. Groningen, kaskazini mwa Uholanzi, kwa miaka mingi ilionekana miongoni mwa mikoa tajiri kabisa Ulaya kwa sababu gesi iliyochimbwa chini yake ilihesabiwa kwake, ingawa faida ilikwenda serikalini na kwa kampuni. Wakazi walibaki na matetemeko na nyumba zenye nyufa. Uchimbaji wa kawaida ulisimama Oktoba 2023. Mafuta ya Bahari ya Kaskazini upande wa Uingereza, kwa upande mwingine, huandikwa kwenye kapu maalumu lisilo la mkoa wowote. Kwa hiyo nchi mbili zenye rasilimali moja zinaonekana tofauti kwa sababu tu ya sheria ya uandishi. Anayesoma pato la Mkoa wa Geita kwa kila mkazi afikirie dhahabu kwa namna hiyohiyo.

Halafu bei. Watu wengi wanaamini wakitumia viwango vya uwezo wa kununua, yaani kurekebisha pato kwa tofauti za bei, wamemaliza tatizo. Eurostat, ofisi ya takwimu ya Umoja wa Ulaya, hutumia kiwango kimoja kwa nchi nzima, hivyo Paris na kijiji cha katikati ya Ufaransa wanagawanywa kwa bei zilezile, kana kwamba chumba cha Sinza na chumba cha Songea vina kodi moja. Miji mikuu inaonekana tajiri kuliko ilivyo. Marekani ina nafuu: BEA, ofisi yake ya takwimu za uchumi, hutoa viwango vya bei kwa kila jimbo na kila eneo la jiji, bure, na ni kosa kutovitumia.

Ubunifu unapimwaje

Hapa ndipo penye utamu na mitego mingi.

Kipimo cha kwanza ni matumizi ya utafiti na maendeleo kama asilimia ya pato. Maana yake imewekwa na mwongozo wa OECD uitwao Frascati, ulioanza 1963: kazi ihesabiwe tu ikiwa inatafuta jambo jipya, ina wazo lisilo dhahiri, haina uhakika wa matokeo, imepangwa kwa bajeti na ratiba, na matokeo yake yanaweza kurudiwa na mwingine. Umoja wa Ulaya ulijiwekea lengo la asilimia 3 mwaka 2002 pale Barcelona na bado haujalifikia. Korea Kusini na Israel zimefika asilimia 5 au zaidi. Baden-Württemberg, yenye Bosch na Mercedes-Benz, nayo imevuka 5.

Ila shuka ngazi ya mkoa uone kinachotokea. Brabant Wallon, mkoa mdogo wa Ubelgiji, umewahi kupita asilimia 10 kwa sababu ya kituo kikubwa cha utafiti wa chanjo. Braunschweig, Ujerumani, huwa juu kabisa kwa sababu Volkswagen iko Wolfsburg, ndani ya mkoa huo. Hizo ni namba za kampuni moja zilizovaa jina la mkoa. Kampuni ikihamisha maabara, mkoa unaporomoka kwenye jedwali siku moja. Kabla ya kumsifu mtu, uliza: ukiondoa kampuni kubwa kuliko zote, kinabaki nini? Mara nyingi hutapata jibu moja kwa moja, kwa sababu pale zinapokuwepo kampuni moja au mbili takwimu hufichwa kulinda siri zao. Kwenye faili za Eurostat utaona alama ya nukta mbili na herufi c. Wanaoanza huiacha programu isome alama hiyo kama sifuri, na mkoa wenye utafiti mwingi kuliko wote unaishia mkiani! Jifunze alama hizo kabla ya kufungua lahajedwali: c ni siri, e ni makisio, p ni ya muda, b ni mfululizo uliokatika. Pia data za utafiti kwa mkoa nchi nyingi za Ulaya huzitoa kwa miaka witiri pekee. Usijaze mwaka wa katikati kwa wastani kisha ukauita "mwelekeo".

Kipimo cha pili ni hataza. Uamuzi wa kwanza ni anwani ipi uitumie. Ukitumia anwani ya mwombaji, kampuni kubwa inayopitisha maombi yote makao makuu itaubebesha mkoa wa makao makuu kazi ya maabara zake zote. Tumia anwani ya mvumbuzi, na kama wavumbuzi ni watatu katika mikoa mitatu, kila mkoa upewe theluthi. Uamuzi wa pili ni ofisi ipi. Kampuni huanza kuomba nyumbani kwao, hivyo ukihesabu maombi ya ofisi ya Marekani peke yake Wamarekani watashinda, na ya Japani vilevile. Chukua maombi ya kimataifa yanayopita kwenye PCT, mkataba wa kimataifa wa ushirikiano wa hataza, au yale yaliyoombwa Ulaya, Marekani na Japani kwa pamoja. La tatu ni muda: ombi huchapishwa miezi 18 baada ya tarehe ya kwanza, kwa hiyo miaka miwili ya mwisho kwenye jedwali lako daima itaonekana imeshuka. Kata miaka hiyo. Jumlisha mitatu hadi mitano kwa mikoa midogo ili bahati ya mwaka mmoja isikuongoze.

Na hata ukifanya yote hayo, hataza huwapendelea watu wa dawa, magari na vifaa vya umeme. London ya benki na programu za kompyuta haitang'aa humo, hasa kwa kuwa sheria ya hataza ya Ulaya haitoi hataza kwa programu ya kompyuta ikiwa peke yake.

Emilia-Romagna, kaskazini mwa Italia, ndiyo mfano ninaotaka kila msomaji aushike. Sassuolo na vijiji vyake wanatengeneza vigae vinavyouzwa dunia nzima. Bologna ina mashine za kufungasha dawa, chai na vipodozi ambazo washindani wake ni wachache. Kwa asilimia ya utafiti, mkoa huu uko chini sana ya Baden-Württemberg. Ubunifu wake unatoka kwa fundi anayerekebisha mashine kwa sababu mteja amelalamika, kwa mwenye kiwanda cha tanuri aliye mtaa mmoja na mwenye kiwanda cha rangi, kwa mfanyakazi anayeacha kazi na kufungua karakana yake. Hakuna mtu anayeandika hayo kwenye fomu ya utafiti na maendeleo.

Hilo la mfanyakazi kuacha kazi lina uzito kuliko majengo ya vituo vya teknolojia (technology parks). Huko California, mkataba wa kumzuia mtu kwenda kwa mshindani umekuwa batili kisheria tangu 1872. Ndiyo maana mwaka 1957 wahandisi wanane waliweza kumwacha mwajiri wao na kuanzisha Fairchild, kampuni ya semikondakta, na kutoka Fairchild zikazaliwa kampuni nyingine nyingi za Silicon Valley. Massachusetts, yenye MIT na Harvard, iliruhusu vizuizi hivyo kwa muda mrefu, na mwaka 2018 ndipo ilipoweka ukomo wa miezi 12. Jedwali la fahirisi halina safu ya jambo hili. Mchambuzi lazima alitafute mwenyewe kwenye sheria za kazi.

Kuchanganya vipimo bila kuviua

Ukishapata vipimo kumi, utataka fahirisi moja. Njia ya kawaida ni kumpa wa mwisho sifuri, wa kwanza moja, na wengine katikati. Jaribu kwa mikoa mitano yenye utafiti wa asilimia 0.5, 1, 1.5, 2 na 11. Matokeo ni 0, 0.05, 0.10, 0.14 na 1. Mkoa mmoja umewakanyaga wote, na tofauti kati ya 0.5 na 2, ambayo ni mara nne, karibu imefutika. Chukua logi (logariti) kwanza, kisha rudia: 0, 0.22, 0.36, 0.45 na 1. Sasa mikoa ya kawaida inaonekana. Kama kuna thamani ya sifuri logi haitafanya kazi. Tumia kipeuo cha pili (mzizi wa mraba), au weka kikomo cha juu kwa wale walioruka mno na uandike umeweka wapi.

Uzito wa kila kipimo ni uamuzi wa mtu, hata ukifichwa ndani ya hesabu. Fahirisi ya Ulaya niliyoitaja huweka nguzo 11 katika makundi matatu, ya msingi, ya ufanisi na ya ubunifu, na uzito hubadilika kulingana na kiwango cha maendeleo cha mkoa. Toleo la 2022 liliweka Utrecht mbele, likifuatiwa na Zuid-Holland na Île-de-France. Bao la Ubunifu wa Mikoa, ambalo ni kazi tofauti ya Umoja huohuo, mwaka 2023 liliweka Hovedstaden, mkoa wa Copenhagen, mbele. Wote wako sahihi. Fahirisi inauliza kama mkoa ni mahali pazuri pa kampuni kufanya kazi na watu kuishi, Bao linauliza kama mkoa unazaa mambo mapya. Bao hilo hugawa mikoa kwa umbali kutoka wastani wa Umoja: zaidi ya asilimia 125 ni vinara, 100 hadi 125 wenye nguvu, 70 hadi 100 wa wastani, chini ya 70 chipukizi. Mkoa wenye 99 na mwenye 101 wako makundi mawili, na hakuna kiongozi anayepaswa kufukuzwa kazi kwa tofauti hiyo.

Kwa hiyo ukimaliza fahirisi yako, itikise. Badili uzito mara elfu moja kwa nasibu, ondoa kipimo kimoja kimoja, kisha kwa kila mkoa andika nafasi ya juu na ya chini uliyoipata. Mkoa unaocheza kati ya 12 na 41 usiuite wa 23.

Mbinu hizi zinaweza kutumika hapa kesho. Chukua Dar pamoja na Kibaha, Bagamoyo, Mkuranga na Kisarawe, pima asilimia 15 ya wasafiri wa kazini, uone eneo halisi la jiji hili linaishia wapi, hasa sasa ambapo treni ya SGR imeileta Morogoro karibu. Kwenye ubunifu, usinakili fomu ya Ulaya ilivyo. Utafiti wao wa kampuni huanzia wenye wafanyakazi 10, na kizingiti hicho kingewatupa nje wengi wa mafundi chuma wa Gerezani na maseremala wa Keko. Shusha hadi wawili, waweke kundi lao pembeni ili ulinganisho na nje usivurugike, na swali liwe la kazini: ndani ya miaka mitatu iliyopita umetengeneza kitu ambacho hukuwa unakitengeneza, au umebadili namna ya kukitengeneza, nani alikuletea wazo, mteja, muuza malighafi, au fundi aliyetoka karakana nyingine, na fundi gani ametoka kwako akafungua ya kwake, mtaa upi.